Husuni Kubwa na Ngome Zisizoacha Magofu

Nchi ya Korogwe imekaa kati ya mambo mawili: upande mmoja milima ya Usambara, na upande wa pili nyika ya Uzigua ienendayo hata Handeni. Katikati hupita Mto Pangani, ambao wenyeji wameuita Ruvu tangu zama za mababu. Mwanafunzi wa Kilole asomaye vitabu vya historia ya Ulaya hukutana mara kwa mara na habari za ngome za mawe: minara, mahandaki, malango ya chuma, na mabwana waliolala ndani yake huku raia wakilala nje. Akikifunga kitabu na kutoka nje kutazama nchi yake, haoni ukuta hata mmoja wa namna hiyo. Huona mashamba, miti, njia ya reli na mji. Basi ni rahisi kwake kudhani kwamba penye mawe palikuwa na historia, na pasipo mawe hapakuwa na kitu.

Dhana hiyo ni kosa, lakini si kosa la kupuuzwa, kwa kuwa limewashika hata wenye elimu kubwa. Njia iliyo bora ya kuliondoa si kukana ukuu wa mawe, bali ni kuyaendea mawe yenyewe na kuyauliza yanajua nini na yanaficha nini. Katika nchi yote ya Tanzania hakuna gofu la zama za kati linalofaa kuulizwa swali hilo kuliko Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani.

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo kilicho karibu mno na bara, kiasi cha kilometa 300 kusini ya Dar es Salaam. Mji wa kale ulikuwa upande wa kaskazini, mahali ambapo bandari ina kina na maji yake yametulia. Mashariki ya mji, baada ya kuvuka korongo, ardhi huinuka ikawa rasi yenye jabali linalotazama bahari. Juu ya jabali hilo ndipo lilipojengwa Husuni Kubwa mwanzoni mwa karne ya 14. Aliyelijenga ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa ukoo wa Mahdali, aliyetawala tangu kiasi cha mwaka 1310 hata kiasi cha mwaka 1333. Jina lake limeonekana katika jiwe lililochongwa maandishi ya Kiarabu lililopatikana katika magofu yale yale, kwa hiyo habari hii haisimami juu ya masimulizi peke yake.

Mtaji wa jengo hilo ulikuwa dhahabu. Dhahabu ilichimbwa katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hata Sofala, na kutoka Sofala ikapanda kaskazini kwa vyombo vinavyofuata pepo za msimu. Wafanya biashara wa Bara Hindi na Arabuni waliweza kufika Kilwa na kurudi kwao katika msimu mmoja. Kwenda mbali zaidi kusini kulikuwa hatari ya kukosa upepo wa kurudia. Basi Kilwa ikawa kikomo cha safari yao na mlango wa dhahabu. Tangu mwisho wa karne ya 13 watawala wake waliushika mlango huo, wakatoza ushuru kwa kila kilichoingia na kilichotoka. Katika magofu ya Zimbabwe Kuu ilipatikana sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman. Ni kipande kidogo cha shaba, lakini chaonyesha kwamba njia iliyopeleka dhahabu pwani ilirudisha pia jina la Sultani hata ndani ya bara.

Jengo lenyewe lilikuwa kubwa kuliko majengo yote ya mawe yaliyopata kujengwa katika mwambao wa Waswahili kwa zama zile. Vyumba vyake vilizidi 100. Mtu aliyekuja kwa chombo alipanda ngazi za mawe kutoka ufukweni, akafika katika sehemu ya kaskazini iliyokuwa makao ya mtawala. Hapo palikuwa na ua baada ya ua. Palikuwa na baraza yenye madaraja ya kukalia, mahali ambapo yumkini Sultani alisikiliza mashauri na kupokea wageni. Na palikuwa na birika la kuogea lenye pembe nane, lililozungukwa na kuta zenye zidaka, likitazamana na bahari kana kwamba maji ya kisima yamealikwa kuyaangalia maji ya chumvi. Upande wa kusini palikuwa na ua mwingine mpana uliozungukwa na vyumba vingi. Wengi wa wachunguzi wameuona kuwa mahali pa bidhaa na pa wafanya biashara. Kwa hiyo chini ya paa lile mlikaa enzi na duka pamoja, wala hapana ajabu, maana katika Kilwa enzi yenyewe ilikuwa biashara.

Ustadi wa mafundi unastahili kuelezwa, kwa kuwa jiwe halijijengi. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, yakashikamanishwa kwa chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kupanga magogo mengi, kuweka vipande vya matumbawe juu yake, na kuchoma mpaka jiwe likawa unga. Kwa sehemu za mapambo, kama miimo ya milango na zidaka, mafundi walitumia matumbawe laini yaliyotolewa baharini, yakachongwa yangali mabichi kabla hayajakauka na kuwa magumu. Dari za kawaida zilibebwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa mkoko hauna urefu wa kupita kiasi, vyumba vya pwani vilikuwa virefu na vyembamba, upana wake ukiamriwa na mti. Lakini katika Husuni Kubwa mafundi walithubutu kuipita amri hiyo ya mti: walitengeneza kuba na dari za upinde kwa chokaa na kokoto, nyingine zikiwa na umbo la pia na nyingine zenye mifereji kama ya ndani ya kombe. Kuba za namna hiyo zilitumika pia katika Msikiti Mkuu wa mji, ambao Sultani huyo huyo aliupanua sana.

Neno husuni lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni ngome. Hapa pana jambo la kufikiri. Jengo hili halina minara ya kupigania, wala ukuta mnene wa kuzuia jeshi, wala handaki. Jabali na bahari vilililinda kwa upande mmoja, lakini kwa upande wa nchi kavu adui angeweza kuliendea bila taabu kubwa. Kwa tabia yake ni jumba la mfalme, si ngome. Karibu yake, ng'ambo ya bonde dogo, liko gofu jingine liitwalo Husuni Ndogo, nalo ndilo lenye sura ya ngome kweli: ukuta wa pembe nne, mnene kiasi cha mita 1.2, wenye minara katika pembe na katika pande zake. Lakini ndani ya ukuta huo hakukuonekana majengo ya kutosha kuonyesha matumizi yake. Wengine wamesema palikuwa pahali pa kuweka bidhaa au misafara, wengine wamesema palikuwa kambi ya askari. Lililo hakika ni kwamba jumba limepewa jina la ngome, na penye sura ya ngome hapajulikani palilinda nini. Majina haya yalishikamana na magofu baada ya wenyewe kuondoka. Na watu waliokuja nyuma, walipoona kuta nene msituni, walizikisia kazi kwa ukubwa wake.

Tofauti hiyo huonekana vema mtu akiilinganisha Kilwa na nchi za mbali za wakati ule ule. Katika mwaka 1283 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alianza kujenga ngome ya Caernarfon ili kuwashika watu wa Wales aliokwisha kuwashinda. Ngome ile ilikuwa mkono wa mshindi uliowekwa juu ya shingo ya mshindwa. Kila jiwe lake lilisema na watu waliokuwa nje. Husuni Kubwa halikujengwa kusema na watu wa bara kwa namna hiyo. Lilisema na bahari. Nahodha aliyetoka Aden au Bara Hindi aliliona kabla ya kuuona mji, naye alipaswa kujua tangu mbali kwamba hapa pana mtawala ambaye hana haja ya kujificha. Nguvu ya al-Hasan ilikuwa katika kuaminiwa na wenye vyombo, si katika unene wa kuta.

Bahati njema ya wasomaji wa historia ni kwamba mtu mwenye macho makali alifika Kilwa katika siku za Sultani huyu. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja katika nchi ya Moroko, alifika mwaka 1331 baada ya kupita Zeila, Mogadishu na Mombasa. Aliusifu mji wa Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vema. Lakini alisema kwamba nyumba zake ni za miti. Habari hii imewashangaza wengi, kwa kuwa Msikiti Mkuu wa mawe ulikuwapo, na Husuni Kubwa lilikuwa limejengwa au lingali likijengwa. Wako waliosema kwamba alisahau, maana habari zake ziliandikwa miaka mingi baadaye. Lakini kuna jibu jepesi zaidi: alisema kweli kuhusu mji ulio mwingi. Wachimbaji wa karne ya 20 na ya 21 wamegundua kwamba watu wengi wa miji ya pwani walikaa katika nyumba za miti na udongo, zilizozunguka majengo machache ya mawe. Mawe yalibaki yakaonekana, miti ikaoza. Basi yule mgeni aliyeona mji ukiwa hai aliona miti, na sisi tunaouona ukiwa umekufa tunaona mawe.

Ibn Battuta alieleza pia tabia ya Sultani. Alimwita kwa lakabu yake, Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa, kwa sababu ya ukarimu wake mwingi. Alisimulia jinsi maskini mmoja wa Yemeni alivyomkabili Sultani baada ya sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani aliingia katika nyumba ya khatibu, akavua, akavaa nyingine, akampa zile. Watu walistaajabia unyenyekevu huo. Kisha mwana wa Sultani akazichukua nguo kwa yule maskini, akampa watumwa 10 badala yake. Na Sultani aliposikia watu wanavyomshukuru, akaamuru aongezewe watumwa 10 wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki kimesomwa mara nyingi kama kisa cha ukarimu, na ni haki kukisoma hivyo. Lakini mtu wa bara hana budi kukisoma mara ya pili. Watumwa wale 20 walitoka wapi? Ibn Battuta mwenyewe ametoa jibu: alisema kwamba Sultani huyo alikuwa akifanya vita mara kwa mara juu ya watu wa bara wasio Waislamu, akateka nyara, akatenga sehemu ya tano kwa matumizi yaliyoamriwa na sheria, na masharifu wakaja kwake kutoka Iraki na Hijazi kupokea vipawa. Kwa hiyo mkono uliotoa ulikuwa umekwisha kunyang'anya. Katika kisa chote msafiri amemtaja maskini, amemtaja Sultani, amemtaja mwana wa Sultani na khatibu. Watumwa amewahesabu tu. Hakuna aliyeuliza majina yao, wala vijiji vyao, wala kama mama zao walikuwa wangali wakiwangoja ng'ambo ya maji yale membamba. Hili ni mojawapo ya mambo ambayo mawe ya Husuni yameyanyamazia kwa miaka karibu 700.

Fahari ya jumba lile haikudumu. Wachunguzi wameona kwamba sehemu zake nyingine hazikumalizika kujengwa, na kwamba lilikaliwa kwa muda mfupi tu. Al-Hasan alipokufa, alitawala ndugu yake Daud. Ibn Battuta alisikia kwamba tabia ya huyu ilikuwa kinyume: mwombaji alipomjia aliambiwa kwamba aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, wala hakuacha kitu cha kupewa watu, na wageni waliokaa miezi mingi walipewa kidogo, hata wakakoma kuja. Huenda Daud alikuwa bahili, na huenda alikuwa mkweli. Jumba la vyumba zaidi ya 100, msikiti uliopanuliwa mara nyingi kuliko ulivyokuwa, na ukarimu usio kipimo, vyote hivyo vilidai dhahabu; na ndugu aliyerithi kiti hurithi na deni. Kuba za Msikiti Mkuu nazo ziliporomoka katika muda usio mrefu, ukakaa gofu mpaka ukajengwa tena katika siku za Sultani Sulaiman bin Muhammad, aliyetawala kati ya miaka 1421 na 1442. Msikiti ulirudiwa kwa kuwa mji ulikuwa na haja nao. Husuni Kubwa halikurudiwa. Hilo ndilo neno la hukumu lililotolewa na watu wa Kilwa wenyewe juu ya jengo hilo: waliona kwamba wanaweza kuishi bila yake.

Waliishi bila yake karne nzima na zaidi. Katika mwaka 1502 Vasco da Gama alifika kwa nguvu na kumtoza mtawala wa Kilwa kodi. Mwezi wa Julai mwaka 1505 alikuja Francisco de Almeida na merikebu nyingi. Mji ulitekwa na kutekwa nyara, mtawala Amiri Ibrahim akakimbia, na Wareno wakajenga ngome karibu na bandari. Hii ilikuwa ngome ya namna ya Caernarfon, ya kuwashika walioshindwa. Lakini ngome haikuweza kuizuia biashara isikimbie. Wafanya biashara wakapita kwingine, dhahabu ikapungua, na Wareno wakaondoka mwaka 1512. Gereza linaloonekana leo karibu na ufuko ni jengo la zama za Waomani, la kiasi cha mwaka 1800, nalo limeshika baadhi ya sehemu za ngome ile ya Wareno. Hivyo kisiwa kimoja kina jumba lililoitwa ngome, ukuta wenye sura ya ngome usiojulikana kazi yake, na ngome ya kweli iliyoshindwa kazi yake.

Magofu yaliporudi katika macho ya wataalamu, swali la kwanza waliloliuliza halikuwa la haki sana. Waliuliza ni nani kutoka nje aliyeyajenga. Tarehe ya Kilwa, iliyohifadhiwa kwa Kiarabu na katika kitabu cha Mreno João de Barros cha mwaka 1552, yasimulia kwamba Ali bin al-Hasan wa Shiraz alikinunua kisiwa kutoka kwa mtawala wa bara kwa nguo nyingi za kukizunguka. Wengi walikichukua kisa hiki kama cheti cha ununuzi, wakasema kwamba Kilwa ni mji wa Waajemi uliotupwa katika pwani ya Afrika. Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji mkubwa wa Kilwa katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake mwaka 1974, alifanya kazi ambayo kila mtafiti aliyefuata ana deni nayo. Yeye alisogeza mwanzo wa watawala wa Shirazi mbele hata kiasi cha mwaka 1200, na alionyesha kwamba kabla ya hapo palikuwa na kijiji cha watu tangu kiasi cha karne ya 9, wenye nyumba za miti na udongo, wafua chuma na wavuvi. Hata hivyo, aliendelea kuupa uhamiaji kutoka nje nafasi kubwa katika kuueleza ustaarabu huo. Watafiti waliomfuata wamekigeuza kipimo: wamekitazama kijiji kile cha miti kuwa mzizi, na jumba la mawe kuwa tawi lake.

Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa chembe za urithi zilizotolewa katika mifupa ya watu wa kale wa miji ya pwani, Kilwa ikiwamo. Yalionyesha kwamba wengi wa waliozikwa humo walikuwa na nasaba iliyochanganyika tangu kiasi cha mwaka 1000: upande wa wanawake ulikuwa karibu wote wa Afrika, na upande wa wanaume ulikuwa na sehemu kubwa ya Asia, hasa Uajemi. Basi tarehe ya kale haikusema uongo mtupu iliposema Shiraz. Ilimtaja baba ikamwacha mama. Na lugha waliyosema wote ni ya mama. Mwenye kutaka kujua ni nani aliyejenga Husuni Kubwa aitazame lugha waliyoitumia mafundi kuitia boriti, matumbawe na chokaa.

Sasa na turudi Korogwe. Katika bonde la Pangani palikuwa na ngome pia, lakini zilikuwa ngome za watu wasiotaka kuonekana kutoka baharini. Zama za karne ya 19, bunduki na biashara ya watumwa zilipoingia ndani, vijiji vilizungushiwa boma la magogo na miiba, na vingine viliwekwa juu ya visiwa vya mto, mahali ambapo maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa handaki. Juu katika milima, Wakilindi, ukoo wa Mbegha aliyetoka nchi ya Nguu, walikuwa na mji wao mkuu wa Vuga. Krapf alifika Vuga mwaka 1848 na tena 1852. Burton na Speke walifika mwaka 1857, Kimweri ya Nyumbai akiwa mzee. Mji ulikuwa wa nyumba za miti na nyasi, na ngome yake ilikuwa mlima na heshima. Kimweri alipokufa mwaka 1862, heshima hiyo ilivunjika. Mwanawe Semboja, aliyekuwa Mazinde kando ya njia ya misafara, alikuwa na bunduki na biashara. Naye ndiye aliyeishambulia Vuga na kuichoma moto.

Nyasi zilipoungua hazikuacha ukuta. Mwanafunzi hawezi kwenda Vuga akapima unene wa enzi ya Kimweri kwa kamba, kama awezavyo kupima Husuni. Lakini Vuga ina kitu ambacho Husuni haina. Abdallah bin Hemedi aliandika kwa Kiswahili kitabu cha Habari za Wakilindi, ambacho kilitolewa tena mwaka 1962, na ndani yake watu wa Usambara wanasema: wanagombana, wanashauriana, wanaapa, wanakufa kwa majina yao. Husuni Kubwa ina zaidi ya vyumba 100 na jina moja. Vuga haina chumba hata kimoja, na majina yake ni mengi kupita hesabu. Nani aliyehifadhiwa vema zaidi?

Kwa upande wa bonde la Pangani, mambo mengine yalikuja yakafuta hata alama zilizosalia. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893, reli kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, na mashamba makubwa yakalimwa mahali palipokuwa na vijiji. Boma lililooza huacha majivu, vigae, chuma kilichofuliwa na shanga chini ya udongo. Jembe la mashine haliulizi. Kwa hiyo gofu la mti halikosekani. Halionekani tu, nalo hupotea upesi zaidi kwa kuwa hakuna ajuaye kwamba lipo.

Wala gofu la jiwe haliko salama. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakila ufuko, mvua ikiosha misingi, na mizizi ikipasua kuta. Baada ya kazi nyingi za kuyahifadhi, ambazo wenyeji wa kisiwa walishiriki, yaliondolewa katika orodha ya hatari mwaka 2014. Lakini bahari haikuondolewa. Jabali lile lililochaguliwa na al-Hasan ili vyombo vimwone ndilo linalolifanya jumba lake liwe karibu na mdomo wa maji.

Yafaa basi magofu hayo mawili, la jiwe na la mti, yasomwe pamoja. Husuni Kubwa hufundisha kwamba watu wa mwambao huu waliweza kujenga kwa ukubwa na kwa uzuri, bila kungoja kufundishwa na Mreno. Na hufundisha pia, kwa mtu asiyeogopa kuuliza, kwamba fahari ile ilikuwa na wenye kulipa ambao hawakuandikwa. Maboma ya Korogwe hufundisha kwamba wenye kulipa walikuwa na akili ya kujilinda, nao walijenga kwa kile ambacho nchi iliwapa. Mwanafunzi wa Kilole asiyeona ukuta nje ya dirisha lake hana sababu ya kuona haya. Lakini ana kazi. Wazee wanaojua mahali ambapo boma la babu zao lilikuwa, na jina la kila kisiwa cha mto, wanapungua kila mwaka. Jiwe la Kilwa limengoja miaka karibu 700 bila kuulizwa vema, na lingali likingoja. Mzee hangoji hivyo.